Mheshimiwa Waziri, tasnifu zirudi kijijini

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,

Mimi ni mkulima wa mahindi wilayani Handeni. Miaka mitatu iliyopita mtendaji wetu wa kijiji alitutambulisha kwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Alikaa kwetu wiki mbili na dodoso lake, akiuliza habari za viwavijeshi vamizi: tunanyunyizia dawa gani, saa ngapi, nani kajaribu majivu. Tulimjibu yote, kwa Kiswahili. Mama mmoja alimpeleka hadi shambani, akafunua majani na kumwonyesha mayai yalipotagwa.

Kijana yule alikuwa msikivu, simlaumu. Lakini matokeo hatukuyaona, hadi mwaka jana mwanangu alipoikuta tasnifu mtandaoni, yote kwa Kiingereza. Akanisomea huku akitafsiri kwa taabu. Humo mlikuwa na jambo tulilolihitaji sana: dawa ipigwe alfajiri au jioni, kiwavi akiwa hajajificha ndani ya moyo wa mmea wa mahindi. Misimu miwili ilishapita tukinyunyizia saa sita mchana. Fedha za dawa hizo tulizikopa.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, hata kabla bendera ya uhuru haijapandishwa. Leo tuna vyuo vikuu Morogoro, Dodoma, Mbeya, Zanzibar na kwingineko, na tangu 2005 Bodi ya Mikopo inawasomesha vijana wetu kwa fedha za umma. Nashukuru kwa hayo, maana mwanangu naye ni mnufaika.

Sikuombi ubadilishe lugha ya kufundishia, ingawa Tume ya Makweta, tume ya Rais iliyochunguza elimu nchini, ilishapendekeza Kiswahili mwaka 1982, na pale TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, watu wanaandika tasnifu za uzamivu kwa Kiswahili. Ombi langu ni dogo. Kupitia Tume ya Vyuo Vikuu, agiza kwamba kila tasnifu iliyokusanya data kwa wananchi iambatane na muhtasari wa Kiswahili chepesi, na nakala ifikishwe kwenye ofisi ya kijiji kabla mwanafunzi hajahitimu. Kurasa mbili zinatosha. Mtendaji atazibandika kwenye ubao wa matangazo, na siku ya mkutano mkuu wa kijiji tutasomeana.

Wako mtiifu,
Mkulima, Handeni