Unataka Kujijengea Mashua ya Alumini Nyumbani? Anza na Shiti

Zamani wateja waliotupigia simu hapa karakanani kuhusu mashua za alumini waliuliza bei ya mashua iliyokwisha. Siku hizi wameongezeka wanaouliza jambo lingine: je, mtu ambaye hajawahi kujenga hata moja anaweza kujijengea yake uani kwake, akiwa na msumeno na wikendi kadhaa? Jibu letu ni ndiyo. Mashua ya mita 4 yenye tako bapa, ya kuvulia ngege au kuvukia upande wa pili wa ghuba, ina vipande vichache, na kazi yake kubwa ni kupima, kukata na kukunja. Pesa za watu hupotelea mahali pawili: kwenye duka la shiti, yaani mabamba ya alumini, na kwenye kuchomelea.

Tuanze dukani. Alumini si moja. Ya sufuria, ya fremu za dirisha na ile iliyopigiwa bodi ya lori zote zinang'aa sawasawa, na muuzaji asiyeijua kazi ya maji atakuapia kwamba ni kitu kimoja. Alumini ya mashua huwa imechanganywa na magnesi na hutambulika kwa namba: 5052, 5083 au 5086. Namba hiyo huchapwa kiwandani juu ya shiti yenyewe, ikijirudia mstari baada ya mstari. 5083 ndiyo ya meli. Ni ngumu na hustahimili hata maji ya chumvi. 5052 ni laini kidogo, hukunjika bila matata, na kwa ziwa letu la Viktoria inatosha kabisa. Ukikutana na 6061, ichukue kwa ajili ya mabomba na vipande vya pembe tu. Ile ya T6, yaani iliyokazwa kwa joto kiwandani, haipendi kukunjwa kona kali, na pale inapopitishwa moto wa kuchomelea hupoteza karibu nusu ya nguvu yake.

Kama chapa imefutwa na muuzaji hana karatasi ya kiwanda, omba ukanda wa upana wa vidole viwili. Ubane kwenye vaisi, uukunje mpaka pembe mraba, kisha ugeuze mgongo wa mkunjo kwenye jua na utazame kwa makini. Ukiona vinyufa, hata vile vya kutafuta kwa macho, usinunue. Mkunjo ukitoka safi bado hujajua namba yake, lakini angalau umejua kwamba haitakupasukia ukikunja ubavu.

Unene ni milimita 3. Tunajua 2 ni nafuu na ni nyepesi, na tunajua kuna mtu atakayekuambia yake ni ya 2 na bado inaelea. Lakini shiti ya milimita 2 hutoboka chini ya moto kabla hujatanabahi, hujikunja ovyo ikipashwa, na hubonyea ikigonga jiwe. Milimita 3 ina uzito wa kilo 8 hivi kwa kila mita ya mraba, yaani shiti ya kawaida ya mita 1.22 kwa 2.44 ni kama kilo 24. Huo si mzigo. Anayetua kwenye mawe ya visiwa vya Mfangano au Rusinga aweke milimita 4 chini, pembeni abaki na 3.

Kabla ya kukata chochote, jenga mashua yako kwa kadibodi. Sentimita 1 ya kadibodi isimame mahali pa sentimita 10 za mashua. Shiti bapa hukubali kupinda upande mmoja tu kwa wakati, na kadibodi ni hivyo hivyo, kwa hiyo mchoro usiowezekana utakataa mapema, ukiwa umetumia boksi la sabuni tu. Mfano ukikubali, hamishia vipimo kwenye plaiwudi nyembamba, halafu ndipo uchore kwenye shiti.

Kukata si kugumu. Msumeno wa umeme wa duara wenye meno ya kabaidi huipita alumini vizuri, mradi umeupaka nta kidogo. Usitumie diski ya grainda iliyokwisha kukata chuma. Alumini huziba uso wa diski, diski hupata moto, na diski iliyopata moto yaweza kupasuka mkononi mwako. Isitoshe, unga wa chuma hujipachika kwenye alumini na kuanza kutu papo hapo. Sheria hiyo hiyo kwa brashi: nunua brashi ya stenlesi, uiandike jina la mashua ukipenda, na isiguse geti la mtu.

Sasa kuchomelea. Hapa ndipo tunapowaomba wajenzi wa mara ya kwanza watusikilize, hata kama mtu amechomelea mageti miaka mingi. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi. Lakini juu yake kuna ngozi nyembamba iliyojitengeneza kwa hewa, na ngozi hiyo haiyeyuki mpaka upite nyuzi 2,000. Fundi wa geti huzoea kusubiri chuma kiwe chekundu ndipo ajue kimeiva. Alumini haiwi nyekundu. Inakaa kimya, rangi ile ile, ngozi ikishikilia umbo ilhali ndani kumekwisha kuwa uji, kisha ghafla kipande chote kinadondoka na unabaki ukitazama shimo la ukubwa wa shilingi. Dawa yake ni kuisugua ngozi ile kwa brashi muda mfupi kabla ya kuchomelea, kuifuta mafuta kwa asetoni, na kutumia mashine inayofaa: TIG (waya hulishwa kwa mkono) ya mkondo geu, au MIG (mashine hulisha waya yenyewe) yenye bunduki inayobeba waya yake, maana waya ya alumini ni laini na hujisokota ikisukumwa kwenye mpira mrefu. Gesi ni argoni tupu. Ile ya mchanganyiko inayotumika kwa chuma itakupa mshono mweusi wenye vitundu. Waya ya kuchomelea ni namba 5356. Ile ya 4043, ambayo ndiyo rahisi kupata, haielewani na 5083, mshono wake hutoka mkavu na hukatika.

Kuna na upepo. Ule upepo wa ziwa unaoingia mjini mchana, ambao sote tunaushukuru, huipeperusha argoni kutoka kwenye mshono. Uani pasipo ukuta, hata fundi mzuri atatoa kazi mbovu.

Ndiyo maana tunatoa huduma ya nusu kwa nusu. Wewe kata, kunja, toboa matundu madogo kandokando ya vipande na uvishone kwa waya mpaka mashua isimame na mataruma (mbavu) yake ndani. Ikiwa hivyo, watu wanne wanaibeba na pikapu inaileta. Sisi tunaishika kwa vidonge vidogo vya kuchomelea, tunaikagua kama omo (mbele) na tezi (nyuma) viko sambamba, kisha tunachomelea tukirukaruka: kidogo kushoto, kidogo kulia, kidogo nyuma. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, na anayechomelea mkuku (uti wa chini) mfululizo kutoka mwanzo hadi mwisho hupata mashua iliyopinda kama ndizi. Tafadhali usituletee ikiwa imepakwa rangi au silikoni "ya kuzibia kwa muda." Silikoni ikishaingia kwenye kiungo ni shida kuitoa, na mshono juu yake haushiki.

Ukirudi nayo nyumbani, ipime mwenyewe, hata kama sisi tumekwisha kuipima. Saga chaki, ichanganye na maji, paka mishono yote kwa nje na uache ikauke iwe nyeupe pee. Kisha kwa ndani pitisha brashi yenye mafuta ya taa juu ya mishono. Subiri nusu saa. Mafuta ya taa hupenya mahali ambapo maji yangechelewa, na palipo na tundu utaona doa likitokeza kwenye chaki, kwanza kama nukta, halafu likipanuka. Zungushia penseli, osha mafuta yote kwa sabuni, uturudishie. Kurekebisha mshono wetu unaovuja ni bure.

Jambo ambalo wengi huliacha mpaka mwisho ni kuelea. Mashua ya mbao ikijaa maji bado hubaki juu. Ya alumini huzama. Mashua ya kilo 90 ikiwa chini ya maji bado ina uzito wa kilo 57 hivi, ongeza injini ndogo ya kilo 40, na lita moja ya povu hubeba chini kidogo ya kilo moja. Kwa hiyo lita 100 za povu zinaishikilia mashua kwa shida, na watu nao wanataka cha kushika. Sisi hupendekeza 200, zifungiwe chini ya viti na nyingine juu kandokando ili isipinduke. Iwe povu isiyonyonya maji. Sponji ya godoro ni hatari, na ile nyeupe ya kufungashia televisheni huyeyuka ikimwagikiwa petroli.

Ukuta wa tezi uupime kulingana na injini uliyo nayo, si uliyoiona kwa jirani: shafti fupi inataka kimo cha inchi 15, ndefu 20. Bolti ziwe za stenlesi zenye washa za plastiki. Usifunge shaba wala ubao uliotiwa dawa ya kijani moja kwa moja kwenye alumini, kwa sababu dawa hiyo mara nyingi ina shaba na itaila alumini polepole. Rangi ya kuzuia mwani nayo, soma kopo. Yenye shaba iache dukani.

Kuhusu sheria, ongea na BMU (kikundi cha usimamizi wa ufuo) ya ufuo wako na ofisi ya Kenya Maritime Authority kabla hujaanza kujenga, wakuambie wakaguzi watataka kuona nini. Ya kuvulia ina leseni yake ya idara ya uvuvi. Jaketi za kuokolea maisha, moja kwa kila kichwa, ziweke kwenye bajeti ya shiti, la sivyo zitakosa pesa.

Bei yetu ya kuchomelea tunaipiga kwa mita ya mshono, kwa hiyo mashua yenye vipande vichache ni nafuu kuliko yenye viraka. Shiti isiyojulikana namba tunaichomelea kwa ukanda wa majaribio kwanza, nawe ukiwepo, ili tuamue pamoja kama iendelee. Kama bado hujanunua chochote, njoo na ule mfano wa kadibodi. Kuutazama na kukukadiria idadi ya shiti hatutozi.