Mdogo wangu, usikimbilie bastola

Mdogo wangu,

Habari za kazi? Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza kwenye daladala, nikaurudia nyumbani kwa utulivu. Kwamba umepata mtu wa kukugharimia filamu, na kwamba riwaya uliyoichagua ni ya upelelezi, ya miaka ya sabini, kumenifurahisha kuliko nilivyoweza kukuambia kwa simu. Ila kuna jambo ulilisema mara mbili, nami nimeona nilijibu hapa hadharani kwa sababu wanaoliamini ni wengi: eti watu wa siku hizi hawana muda wa maneno mengi, kwa hiyo utabakiza matukio tu.

Hapo naomba tubishane.

Muda wanao. Pita saluni yoyote jioni uone wasichana wanasoma nini wakisubiri zamu. Wanasoma simulizi za Facebook na WhatsApp. Mwandishi anarusha kipande usiku, anakikata palepale mlango unapogongwa, anaandika "Itaendelea", na asubuhi analaumiwa kwamba kipande kilikuwa kifupi. Hadithi ikishanoga anatangaza kuwa anayetaka kuimaliza atume hela kwa simu, na watu wanatuma. Simulizi ya vipande hamsini au sitini huko ni ya kawaida. Wasomaji haohao ndio wanaokaa msimu baada ya msimu na Juakali, au na tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili. Mtu wa namna hiyo utamwitaje mvivu wa hadithi ndefu?

Kilichobadilika, kwa ninavyoona mimi, ni adui. Mwaka 1960 Muhammed Said Abdulla alipotoa Mzimu wa Watu wa Kale, raha ya msomaji ilikuwa kumfuata mpelelezi Bwana Msa na kiko chake akifumbua fumbo ambalo wengine walishalisukumia kwenye mizimu. Ilikuwa raha ya akili. Halafu 1974 akaja Elvis Musiba na Kufa na Kupona: nyaraka za wapigania uhuru zimeibwa Dar es Salaam, na mpelelezi Willy Gamba anatumwa kuzifuata. Sisi tuliozaliwa baadaye tunaona ngumi, hoteli na magari. Msomaji wa mwaka ule aliona zaidi ya hapo. Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963. Tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, aliuawa jijini humohumo na bomu lililofichwa ndani ya kitabu kilichomfikia kwa posta. Kwa hiyo mtu aliyefungua riwaya ile hakuhitaji kuelezwa kwamba adui anaweza kuwa mtaa wa pili. Alikuwa na hofu yake tayari, na pamoja na hofu alikuwa na fahari: Mtanzania aliyevaa suti yake safi, anaingia popote bila kuinamisha kichwa, anawashinda watu waliojiona wao ndio wenye dunia.

Baadaye adui akahamia ndani ya nyumba. Kwenye hadithi za magazeti za miaka ya tisini na elfu mbili ni mume, rafiki wa karibu, mganga, bosi mwenye tamaa. Kwenye simulizi za simu amekwishalala kitandani kabisa. Nawasikia wazee wakisema ladha imeporomoka, na siungani nao. Mwanamke anayesoma habari za mama mkwe anayetaka kumvunjia ndoa anasoma hofu yake mwenyewe, kama vile baba zetu walivyosoma za makaburu. Zipo zilizoandikwa ovyo, ndiyo, lakini hata zamani uandishi wa ovyo ulikuwepo, sema haukudumu hadi leo tukauona.

Sasa fikiria unachotaka kufanya. Ukiichukua riwaya ya miaka ya sabini ukabakiza mbio za magari na bastola, umebaki na kile ambacho Hollywood wanakifanya kwa fedha ambazo mimi na wewe hatutazishika maishani. Mtazamaji atakulinganisha nao, na utashindwa ndani ya dakika kumi. Kilichokuwa chetu ndani ya kitabu kile ni ile hofu na ile fahari. Hizo ndizo za kutafutia picha.

Nikupe mfano ulioniuma. Half of a Yellow Sun ya Chimamanda Ngozi Adichie, iliyotoka 2006, naipenda sana. Inaanza na Ugwu, kijana wa kijijini anayepelekwa na shangazi yake kuwa mtumishi kwa mhadhiri kule Nsukka, Nigeria. Siku ya kwanza anafungua friji, anakuta kuku, na kabla ya kulala anajaza vipande vya kuku mifukoni mwa kaptula yake kwa kuwa anawaza ndugu zake kijijini. Baadaye anaunguza soksi za bwana wake kwa pasi. Unacheka naye, unamzoea, hadi unaingia vitani Biafra, jimbo lililotaka kujitenga na Nigeria, ukiwa umemshika mkono. Humo ndani kuna vipande vya kitabu kingine kinachoandikwa kuhusu vita hiyo, na unadhani kinaandikwa na Richard, yule Mwingereza. Mwishoni kabisa ndipo unagundua kwamba aliyeandika ni Ugwu. Nilipofika pale nilifunga kitabu, nikakaa kimya.

Filamu ilitoka 2013. Mwongozaji alikuwa Biyi Bandele, Mungu amrehemu, naye mwenyewe alikuwa mwandishi wa riwaya, kwa hiyo huwezi kusema hakujua kusoma. Waigizaji walikuwa wazuri: Chiwetel Ejiofor, Thandie Newton, na John Boyega kama Ugwu. Lakini uzito wote umewekwa kwa dada mapacha wa hadithi hiyo, Olanna na Kainene, na mapenzi yao. Ugwu amebaki kijana wa kupita na sinia. Matukio makubwa yapo: harusi, mabomu, kukimbia. Kilichoondoka ni jicho tuliloyaonea, na pamoja nalo swali zima la nani mwenye haki ya kuisimulia vita ile. Nilimaliza kuitazama bila kumlilia mtu yeyote, mimi niliyelia karibu kila sura kitabuni.

Ya nyumbani siwezi kuiruka. Vuta n'kuvute ya Shafi Adam Shafi wengi wetu tuliisoma sekondari kwa ajili ya mtihani, na mtihani ukatuibia nusu ya utamu wake. Amil Shivji alipoitengenezea filamu, ikaonyeshwa Toronto 2021, nilifurahi kama ndugu wa bibi harusi. Na ni filamu nzuri kwa macho: rangi zake, vichochoro vya Unguja, taarab yake. Siti Amina kama Mwajuma anakaa akilini. Ila nilitoka na njaa. Kitabuni penzi la Yasmin, binti wa Kihindi, na Denge, mpigania uhuru, ni kipande kimoja tu cha maisha ya Yasmin, na nyumba ya Mwajuma kule Ng'ambo imejaa watu wanaosema, wanaotaniana, wanaogombana. Shafi anawaacha waseme hadi uhisi umekaa nao barazani. Kwenye filamu kuna ukimya mwingi, mzuri, wa kisanii. Mimi nilitaka Mwajuma aongee. Ningepewa uamuzi, riwaya ile ningeifanya tamthilia ya vipande kumi na mbili, kila mtu apate siku yake.

Usiniambie kwamba masimulizi hayafai kwenye skrini. Watu wetu walijaza mabanda ya video kumsikiliza Lufufu akisimulia picha za Kichina na za Kihindi, na Kenya wana DJ Afro hadi leo. Mtu alilipa kiingilio kwa filamu aliyokwisha kuiona, kwa sababu ya mdomo wa msimulizi. Anajua steringi hafi, na bado anataka kusikia itasemwaje. Kwa hiyo ile sauti ya mwandishi wako, ile inayomsema mhusika kabla hajaingia mlangoni, iache ndani ya skripti. Tafuta mwigizaji mwenye sauti, msimulie mji unavyonuka mvua ikinyesha, nani anadaiwa na nani, kwa nini mhudumu wa baa hamtazami machoni yule mgeni. Magari yatasubiri.

Kuna kitu kimoja nataka ukibadilishe bila huruma: wanawake. Riwaya nyingi za kundi lile mwanamke anaingia kwa umbo lake, analala na mpelelezi, kisha anauawa au anageuka msaliti. Hiyo ni ladha iliyokwisha, na haki yake kwisha. Yule katibu muhtasi kwenye riwaya yako, anayeonekana mara mbili tu, ndiye anayepiga chapa kila barua ya siri ofisini. Anajua kuliko wote. Mpe macho ya hadithi uone itakavyobadilika.

La mwisho ni karatasi. Mwandishi hayupo, lakini warithi wapo. Nenda kwao kabla hujampigia simu mwigizaji hata mmoja, mkubaliane kwa maandishi na malipo yatajwe humo, kisha pita COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ujue taratibu zao. Usikubali mtu akuambie kitabu cha zamani hakina mwenyewe. Ukishapata saini nitumie skripti, hata ikiwa mbichi. Nitaisoma kwa kalamu mkononi, na sura ya baa nitaitafuta kwanza.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Dada yako