Barua kwa mwanangu: mforsadi wa uani

Mwanangu mpenzi,

Kama unataka mforsadi, ule mti wa matunda wanaouita mulberry, hapo Arusha, uanze sasa, masika hayajaisha.

Chagua tawi lililokomaa, la kahawia, unene wa penseli. La kijani huoza. Kata kijiti cha sentimita 20 hadi 25 chenye macho matatu au manne. Chini kata mshazari, juu kata sawa, usije ukakipanda kichwa chini. Fukia theluthi mbili, shindilia udongo, weka kivuli chepesi. Panda vitano hata kama unataka mti mmoja.

Hapa ndipo wengi huharibu. Baada ya wiki chache kijiti kitatoa majani, nawe utadhani kimeshika. Bado. Majani hayo yanakula akiba iliyomo ndani ya kijiti, na chini huenda hakuna hata mzizi mmoja. Usiking'oe kuchungulia, usikitie mbolea. Udongo uwe na unyevu, usiwe tope. Kihamishe baada ya miezi mitatu au minne.

Shimo liwe sentimita 60 kila upande, udongo wa juu uchanganywe na debe la samadi iliyooza. Mti ukae mita tano au zaidi kutoka ukutani, mbali na mabomba ya maji taka, na mbali kabisa na kamba ya nguo.

Ukishakua, mwanangu, kupogoa usikuogope. Forsadi hutoka kwenye machipukizi mapya. Mti ulioachwa hupaa, na matunda yake yanakuwa ya ndege. Kila mwaka ukimaliza kuvuna, fupisha matawi hadi kimo unachofikia kwa mkono, pukuta majani yaliyobaki, kisha mwagilia vya kutosha. Utomvu mweupe utachuruzika penye jeraha, usikutie hofu. Majani wape mbuzi au sungura, wanayapenda mno. Chipukizi likitoka, tazama kwapani mwa jani: utaona kitu cha kijani kama kiwavi mdogo mwenye manyoya. Ndiyo forsadi hiyo.

Nyekundu bado ni chachu. Ngoja iwe nyeusi, iachie yenyewe ukiigusa. Chuma asubuhi, weka kwenye sahani pana zisipondane, osha wakati wa kula tu, maana hazivuki siku mbili. Zikikutia doa mikononi, sugua kwa forsadi changa, kisha nawa.

Mama yako