Risala ya Kikundi cha Wasusi kwa Mgeni Rasmi: Historia ya Pier 1 na Maombi Yetu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya. Ndugu Afisa Maendeleo ya Jamii. Mwenyekiti wa Serikali ya Kijiji. Viongozi wetu wa dini. Ndugu wageni waalikwa. Mabibi na mabwana, assalam aleikum, Bwana Yesu asifiwe.

Kwa niaba ya wanakikundi wenzangu nakushukuru kwa kukubali kuja kutufungulia banda letu la maonyesho. Karibu sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Sisi ni akina mama na vijana tunaosuka mikeka, vikapu na mapambo ya ukutani kwa ukindu na miyaa. Ada ya risala ni kueleza kikundi kilikotoka. Historia yetu ni fupi na wengi hapa mnaijua, hivyo tunaomba ridhaa yako tusimulie ya duka moja la Marekani, Pier 1 Imports, ambalo katibu wetu amekuwa akitusomea habari zake tunapokutana kusuka. Duka hilo liliishi kwa kazi za mikono kama zetu kwa karibu miaka 60, na namna lilivyoanguka inatugusa.

Chanzo chake ni San Francisco. Mwaka 1958 mfanyabiashara William Amthor alifungua huko duka lililoitwa Cost Plus, akiuza samani za henzirani kutoka ng'ambo. Tajiri wa Texas, Charles Tandy, ambaye baadaye alijulikana kwa maduka ya vifaa vya elektroniki ya RadioShack, alikopesha fedha duka hilo, naye akapata haki ya kufungua mengine ya namna hiyo. La kwanza kati ya hayo, ndiyo mwanzo wa Pier 1, lilifunguliwa San Mateo, California, mwaka 1962. Miaka minne baadaye Tandy aliiuza biashara kwa kundi la wawekezaji lililoongozwa na Luther Henderson, makao makuu yakawa Fort Worth, Texas.

Wateja wa mwanzo walikuwa vijana waliozaliwa baada ya Vita Kuu ya Pili. Walikuwa wanaanza maisha, hawana fedha nyingi, na hawakutaka sebule zifanane na za wazazi wao. Pale walipata udi, shanga, mishumaa, vikapu na vitambaa. Walipata pia kiti cha papasan, ambacho sisi wasusi tulikiangalia kwenye picha kwa muda mrefu. Ni bakuli kubwa la henzirani limekalishwa juu ya pete ya henzirani, ndani yake godoro nene la mviringo. Fito zimekunjwa, na kila zinapokutana zimefungwa kwa ukanda mwembamba uliozungushwa ukabana. Mama mmoja wetu alisema aliyekifunga kile kiti si mwanagenzi. Tulikubaliana naye.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Biashara ilikua. Mwaka 1970 hisa zake zilianza kuuzwa kwa umma, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 mauzo yalikuwa yamevuka dola bilioni 1 kwa mwaka. Maduka yalizidi 1,000. Mwaka 2004 kampuni ilihamia katika jengo lake la ghorofa 20 pale Fort Worth.

Ndipo mambo yalipogeuka. Maduka makubwa yanayouza kila kitu, kama Target, na yale ya bei ya punguzo, kama HomeGoods, yaliweka rafuni vikapu na mito ya namna ileile kwa bei ya chini. Mwaka 2007, wakati Wamarekani wanazidi kuzoea kununua kwa mtandao, kampuni ilifunga duka lake la mtandaoni, ikaja kulirudisha mwaka 2012. Sisi tunaona hapo ndipo ilipojiumiza zaidi. Jengo la Fort Worth liliuzwa mwaka 2008 kwa dola milioni 104, na bei ya hisa moja ikashuka chini ya dola 1. Iliinuka tena, hata mwaka 2013 hisa ikapita dola 20, lakini wateja walishajua pa kwenda. Januari 2020 ilitangaza kufunga hadi maduka 450. Februari ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Ikakosa mnunuzi, corona ikafunga milango, na Mei ikaamua kumaliza biashara yote. Jina lake likauzwa kwa dola milioni 31, likatumika kuuzia mtandaoni.

Tulipofika hapo katibu alifunga daftari, tukabishana mpaka magharibi. Wapo waliosema vikapu vimepitwa na wakati. Wengi wetu tulikataa, maana vikapu bado vinanunuliwa, ila kwingine. Kilichopotea ni sababu ya mtu kwenda pale hasa. Kikapu kisicho na kwao, kinachofanana na cha duka la jirani, mteja atakichagua kwa bei tu. Na duka kubwa likifungwa, aliyekuwa akilisukia peke yake anabaki na mzigo ndani. Hata sisi tumewahi kutegemea mnunuzi mmoja, akanyamaza, mikeka ikaliwa na panya.

Kwa hiyo tumekubaliana kila kazi itoke na kitambulisho chenye jina la kijiji na la aliyeisuka. Ukili, yaani utepe wa kushonea mkeka, uliosukwa legelege tutaufumua, kwa kuwa mkeka wake ukishonwa huvimba katikati na hautandiki. Tena tutauza kwa wanunuzi wengi wadogo, hata wa nje, kabla ya kumkimbilia mkubwa mmoja.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ili tufike huko tunaomba mambo matatu. La kwanza, utusemee halmashauri ombi letu la mkopo kutoka ile asilimia 10 ya mapato ambayo halmashauri hutengea vikundi lishughulikiwe, tununue ukindu wakati wa kiangazi ukiwa mkavu na wa bei nafuu. La pili, tupate mwalimu wa kutufundisha kupiga picha za bidhaa, kupokea oda na malipo kwa simu, na kufungasha mzigo wa safari ndefu. La tatu, banda hili lina paa lakini halina sakafu. Mvua ikinyesha maji yanaingia, na ukindu ukilowa unaota ukungu. Mifuko michache ya saruji itatutosha, mafundi tunao.

Baada ya risala hii tunakuomba upite mezani uone kazi zetu. Waliozisuka wamesimama karibu nazo, waulize lolote.

Naomba kuwasilisha.