Barua ya wazi kwa Waziri: Majina ya waliopata boti na mikopo ya Uviko yabandikwe kwa sheha

Mheshimiwa Waziri unayeshughulikia uchumi wa buluu,

Assalaam alaykum.

Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, liliidhinishia Tanzania mkopo wa dola milioni 567.25 wa kukabiliana na athari za Uviko-19. Zanzibar ikapata fungu lake, shilingi bilioni 230 hivi. Tukaambiwa yamo madarasa, zimo hospitali na maji, na sisi wa baharini tumo: boti za wavuvi na wakulima wa mwani, na mikopo ya wajasiriamali. Madarasa tunayaona, hata asiyetaka anayaona. Boti ndiyo mtihani, maana boti inahama.

Wala sisemi boti hazina maana. Cottonii, mwani wenye bei, siku hizi unakufa kwenye maji madogo kwa sababu bahari imepata moto. Unataka kina. Mwanamke anayeshuka kwa miguu wakati wa bamvua, mambo (vijiti vya kufungia kamba) na nyundo mkononi, hafiki huko. Anabaki na spinosum ya bei ya chini, anaifunga kwa taitai, vile vikamba vidogo, kamba baada ya kamba, kisha anaitoa pwani kichwani ikiwa mbichi, maji yanamchirizika shingoni. Kwa huyo boti si anasa.

Kikundi chetu kilipeleka maombi, nakala za vitambulisho vya Mzanzibari, picha za paspoti na daftari la hisa. Tukaambiwa tusubiri. Kilichofuata ni kusikia kuwa boti imekwenda kwa kikundi ambacho hakuna kati yetu aliyewahi kukiona kikifunga hata kamba moja. Huenda ni wakulima wa pwani nyengine. Huenda ni kikundi cha karatasi. Tutajuaje, na hakuna pa kuangalia? Pasipo orodha, watu wanajaza wenyewe: huyu mtoto wa fulani, yule wa chama. Maneno hayo yanamchafua hata aliyepata kwa haki.

Marekani mwaka 2020 walitangaza dola bilioni 16 za kuwalipa wakulima moja kwa moja, mbali na mikopo ya PPP, yaani ya kulinda mishahara ya wafanyakazi wa biashara ndogo, ambayo mashamba nayo yaliiomba. Serikali yao haikupenda kutaja wote waliochukua PPP. Vyombo vya habari vikaenda mahakamani, na Desemba mwaka ule majina yakatoka. Sisi tusifikishane huko, Mheshimiwa. Kifungu cha 18 cha Katiba ya Zanzibar kinampa raia haki ya kupewa taarifa za mambo muhimu kwa maisha yake.

Tena hizi si sadaka. Ni mkopo, na kodi ya bidhaa ninazonunua dukani inaulipa sawasawa na ya aliyepewa boti.

Ninachoomba ni karatasi moja kwenye ubao wa kila ofisi ya sheha, kiongozi wa serikali wa shehia: jina la kikundi, kijiji chake, kilichopewa, tarehe, na kwa mkopo, kiasi kilichokwisharejeshwa. Namba za simu na vitambulisho vya watu visiwekwe, havituhusu. Ikishabandikwa, wenyewe tutakwambieni boti ipi iko majini, ipi haina mashine, na ipi imeshauzwa.

Wasalaam,
Mkulima wa mwani, Micheweni, Pemba