Jedwali la Lugalo: barua kwa rafiki wa Iringa

Mbeya

Kamwene, ndugu yangu,

Rasimu yako ya kamusi elezo kuhusu pambano la Lugalo, la Wahehe na Wajerumani, nimeisoma yote. Maelezo marefu ya chini yamekaa sawa. Kinachonisumbua ni jedwali la muhtasari pale juu, na hilo ndilo wanafunzi wengi watakalolinakili na kuyaacha mengine. Kwa hiyo nakuandikia juu ya jedwali tu.

Kwanza amua: unaandika vita, au pambano moja ndani ya vita? Lugalo ni pambano la siku moja, 17 Agosti 1891. Vita vya Wahehe na Wajerumani ni vya miaka saba: vinaanzia hapo Lugalo, vinapita kutekwa kwa ngome ya Kalenga tarehe 30 Oktoba 1894, kisha miaka ya kuviziana porini mpaka Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alipojipiga risasi 19 Julai 1898. Wewe umeandika "Ushindi wa Wahehe" kwenye matokeo, na kwenye tarehe "1891–1894". Hivyo viwili havikai jedwali moja. Lugalo walishinda Wahehe, Kalenga walishinda Wajerumani, na vita kwa jumla vilikwisha kwa ushindi wa Wajerumani. Tengeneza jedwali la kila tukio, na katika yale ya mapambano weka mstari wa "Sehemu ya" unaotaja vita vyenyewe.

Mwaka wa mwisho ndio unaokosewa zaidi, maana watu hukimbilia siku mji mkuu ulipoanguka. Kampala ilitekwa 11 Aprili 1979, lakini Vita vya Kagera vilimalizika 3 Juni, majeshi yetu yalipofika mpakani kaskazini-magharibi mwa Uganda. Hali kadhalika Vita Kuu ya Kwanza huku kwetu: mkataba wa kusimamisha mapigano Ulaya ni wa 11 Novemba 1918, ila Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku, aliweka silaha chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba. Andika siku risasi ziliponyamaza mahali unapopaeleza.

Mahali: jina la leo kwanza, la zamani baadaye. Vitabu vya Kijerumani vinaandika Rugaro. Litaje mara moja ili mtafutaji asipotee. Matokeo yawe maneno machache, bila "wa kishujaa" wala "wa kutisha".

Pande zinazopigana hapo uwe makini sana. Umeandika "Wajerumani" peke yake, na msomaji ataona picha ya Wazungu watupu. Safu ya Zelewski, kamanda wa Wajerumani pale Lugalo, ilikuwa na Wazungu wachache tu. Waliobaki ni askari Waafrika, wengi wao wa kuajiriwa kutoka Sudan na Msumbiji, pamoja na wapagazi. Andika "Jeshi la kikoloni la Ujerumani", na chini yake askari na wapagazi kila kundi mstari wake. Halafu katika jedwali la vita vyote usiwasahau Wasangu wa mtawala Merere, waliokuwa na ugomvi wao wa siku nyingi na Wahehe na wakasimama upande wa Wajerumani. Najua ni neno zito kwa watu wa huku Mbeya, lakini lazima liwepo.

Makamanda: kwa Wajerumani Emil von Zelewski, na weka alama ya kuuawa mbele ya jina. Kwa Wahehe usiandike Mkwawa peke yake kana kwamba alisimama mstari wa mbele. Yeye ni mtawala. Nduguye Mpangile anatajwa kuwa ndiye aliyeongoza shambulio. Waweke wote wawili, kila mmoja na cheo chake.

Sasa hasara, mstari unaoharibu kazi nyingi. Namba moja tupu haitoshi. Tenganisha waliouawa, waliojeruhiwa na waliotekwa, kisha useme nani alihesabu. Kwa Lugalo: "Waliouawa: Wazungu 10, askari zaidi ya 200, na wapagazi (taarifa za Kijerumani)". Kwa upande wa Wahehe hakuna aliyeandika orodha siku ile, hivyo kila tarakimu unayoikuta ni makadirio, tanguliza "takriban". Yale 3,000 ya idadi ya wapiganaji wa Kihehe ni makadirio pia. Vyanzo vikitofautiana, usitafute wastani. Kwa mfano, katika Vita vya Majimaji serikali ya Kijerumani ilikadiria vifo 75,000, na wanahistoria wa baadaye wakafika hadi 300,000. Ukiandika 187,500 umebuni namba ambayo hakuna mtu aliyewahi kuisema. Weka zote mbili, kila moja na mwenyewe. Na waliokufa kwa njaa baada ya mashamba kuchomwa wawe na mstari wao, mbali na waliokufa vitani.

Sababu za ushindi hazina nafasi humo. Safu ndefu ya watu waliofuatana mmoja mmoja, bunduki za mashine zikiwa zimefungwa juu ya punda, mikuki ikatoka vichakani kabla askari hawajajipanga: hayo yaeleze chini, kwa kirefu, kwa sababu yanastahili.

Ukirekebisha, nitumie tena huku kila namba ikiwa na chanzo chake pembeni kwa penseli, hata zile unazoziamini. Nikikuta isiyo na chanzo nitakitafuta huku kabla hatujaipeleka kwa mhariri.

Nisalimie mama na watoto.

Wako,
rafiki yako wa Mbeya