YAH: MAMA YANGU KUNYANYULIWA KITINI USIKU WA IDD PILI

Kwa Meneja Mkuu wa Ukumbi,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Salamu za Idd zimechelewa, lakini natumaini mlisherehekea salama na mauzo yalikuwa mazuri. Ukumbi ulijaa mpaka mlangoni, hilo nililiona kwa macho yangu kutokea nyuma ya ile nguzo mliyotupeleka.

Sitaanza mbali. Tiketi mlikata wenyewe, namba za viti mliandika wenyewe, na masharti ya nyuma ya tiketi mlichapa wenyewe. A7, A8, A9 na A10. Kipengele cha sita kinasemaje mnakijua kuliko mimi, kwa hiyo naenda kwenye jambo lenyewe.

Ilikuwa yapata saa tano kasorobo usiku. Kundi la taarab lilikuwa limeingia wimbo wa pili. Msimamizi wenu, kijana mwenye fulana ya ukumbi na redio kiunoni, alikuja mstari wa mbele, akamgusa mama yangu begani, akamwambia: "Bibi, nyanyuka, hapa pana wenyewe." Mama ana miaka 76. Alidhani amekosea kiti, akaomba samahani. Yeye ndiye aliyeomba samahani, Ndugu Meneja. Nikatoa tiketi, kijana hakuzitazama. Akasema kuna wageni wa mheshimiwa, tutafutiwe nafasi nyingine. Nafasi yenyewe ilikuwa viti vinne vya plastiki nyuma ya nguzo, karibu na mlango wa choo, na mama alifika huko ameniegemea mimi.

Naomba nirudishiwe fedha zangu, shilingi 160,000, pamoja na barua ya kuomba radhi. Nadhani hilo ni jambo dogo kwa ukumbi wa hadhi yenu.

Na tukiwa tunazungumzia fedha, bango lenu lilisema burudani inaanza saa 1:00 usiku, "burudani kamili kama zamani": ngoma, sarakasi, kichekesho, igizo la sikukuu, kisha taarab laivu. Kwa bango hilo ndiyo maana nilibeba watoto. Pazia lilifunguliwa saa tatu na dakika ishirini. Ngoma ilikuwa moja. Sarakasi hatukuiona, na mwanangu wa miaka tisa ndiye aliyekuwa amehesabu siku kwa ajili ya hiyo sarakasi. Kichekesho sijui kama ni yule mshereheshaji aliyekuwa akijichekea mwenyewe. Igizo nakubali lilikuwa zuri, wale vijana wanajua kazi yao, na yule aliyecheza mama mkwe angepewa ukumbi mzima usiku kucha nisingelalamika. Lakini mlilikata. Mama mkwe ameshika kitasa, mlango unagongwa, taa zikazimwa, DJ akaingia. Wanangu mpaka leo wananiuliza nani alikuwa nje.

Hiyo taarab laivu nayo, mpiga kinanda aliinua mikono yote miwili kujifuta jasho na kinanda kikaendelea kulia. Mama alinigeukia akaniuliza, "Hiki kinapigwa na nani?" Tulikuwa bado A7 na A8 wakati huo, tulikuwa na raha ya kucheka. Kama ni pleibeki, muziki uliorekodiwa, andikeni pleibeki kwenye bango, watu wachague wenyewe.

Zamani mliyoitaja kwenye bango mama yangu anaijua. Kakulia katika nyumba ambayo wazee walikuwa hawasemeshani kwa sababu ya vilabu vya taarab vya Al-Watan na Egyptian, vilivyokuwa mahasimu. Miaka ya tisini, vikundi vya sanaa vya TOT na Muungano walipokuwa wakipigana vijembe, mwimbaji Khadija Kopa upande huu na mwenzake Nasma Khamis upande ule, alikuwa haachi onyesho, na mimi nilibebwa kama mkoba. Nakumbuka mpangilio wake: ngoma ilitangulia, watoto tukapata sarakasi yetu, igizo likaenda mpaka mwisho, na taarab ikawekwa nyuma kabisa kwa sababu walijua hakuna mtu mzima atakayeondoka kabla yake. Hawa watu walikuwa wanacheza kwenye kumbi za baa, Ndugu Meneja, na vipaza sauti vya kukoroma. Ninyi mna kiyoyozi.

Nieleze na hili, maana huenda anayewaandikia mabango hajui taarab upande wa watazamaji inakwendaje. Mtu hangoji wimbo uishe apige makofi. Ubeti ukimgusa, au ukimgusa jirani yake, anainuka taratibu na noti mkononi, anakwenda kwa mwendo wa wimbo mpaka mbele, anamtunza mwimbaji, anarudi vilevile taratibu ili wote waone. Ile noti ni sahihi yako. Umeyasaini maneno, yamekuwa yako. Mama goti lake bovu, anatembea kwa mkongojo, kwa hiyo nilipopiga simu kununua tiketi sikuuliza bei, niliuliza kiti gani kiko kando ya njia na hakina ngazi. Dada aliyepokea akaniambia A7, hatua kumi hivi mpaka jukwaani. Nilikuwa sinunui kiti. Nilinunua zile hatua kumi.

Mimi pia ni mfanyabiashara, nauza khanga na vitenge Kariakoo. Mteja akishalipia doti, hata aje mke wa waziri aipende, ile doti imeshauzwa. Nitamtafutia nyingine rangi hiyohiyo. Nikimpokonya wa kwanza nikampa wa pili, kesho mtaa mzima wataniita jina ambalo sitaliandika humu kwa heshima ya ofisi yenu. Ninyi mmeuza doti moja mara mbili mbele ya watu wote, tena na muziki.

Jumamosi yake nilikuja ofisini. Nilikaa kwenye benchi dakika hamsini. Mhasibu akaniambia, "Mama, andika kwenye WhatsApp, ndiyo utaratibu." Nikaandika nikiwa palepale nimekaa mbele yake. Tiki mbili za bluu zikatokea, naye akaendelea kula mihogo. Baadaye akaja bwana mmoja mwenye tai, mpole sana, akanipa kuponi mbili za soda. Sisi tulikuwa wanne! Hata soda mliposhindwa kuhesabu, ndipo nilipoamua kuandika barua hii.

Sasa nirudi pale kitini, maana nimeandika juu juu.

Nimesema kijana alimgusa mama begani. Niliandika kwa adabu. Hakumgusa begani. Alimulika tochi ya simu usoni kwake kwanza, kisha akamshika mkono juu ya kiwiko na kumvuta, kama anavyoshikwa mtu aliyeingia bila tiketi. Na wakati ule mama hakuwa amekaa tu. Alikuwa anafungua fundo kwenye pindo la khanga. Ndani mlikuwa na noti sita za elfu mbili mbili, mpya, alizozitafuta duka hadi duka siku mbili kabla ya Idd kwa sababu hatunzi kwa noti chakavu. Mwimbaji alikuwa amefika ule ubeti wenyewe. Mama ana jirani yake, sitamtaja, wana maneno yao tangu mwaka juzi, na jirani huyo alikuwa mstari wa C. Khanga mama aliyovaa iliandikwa "Hasidi hana sababu". Nadhani mmenielewa. Mwanamke wa miaka 76 alikuwa amejiandaa kwa usiku ule kama bibi harusi, fundo limeshalegea, mguu mmoja umeshatangulia, na hapo ndipo aliposikia: "Bibi, nyanyuka, hapa pana wenyewe."

Hakusema kwa sauti ya chini. Alisema kwa kushindana na muziki. Mstari wa A ulisikia, wa B ulisikia, na wa C ulisikia vizuri sana. Noti mbili zikadondoka chini ya viti, mwanangu mkubwa akaingia kwa magoti kuziokota katikati ya miguu ya watu, na hao wageni wa mheshimiwa tayari wamesimama wanangoja tuondoke, mmoja anakula karanga. Mama akasema, "Samahani, mwanangu, sikujua." Alimwita mwanangu. Tulipopita mstari wa C jirani alijifunika mdomo kwa khanga yake. Mabega yalikuwa yanatikisika.

Tangu siku hiyo mama hatoki kukaa barazani. Kila jioni alikuwa anakaa nje anaonja maneno ya watu. Sasa ananiambia jua kali, na saa yenyewe ni kumi na mbili jioni.

Kwa hiyo zile shilingi 160,000 nilizoziomba juu, nimebadili nia. Zirudisheni, ndiyo, na shilingi 24,000 za teksi ya kwenda na kurudi juu yake, maana goti lile halipandi bodaboda. Barua ya radhi iandikwe kwa jina la mama, siyo langu. Iletwe na Meneja mwenyewe nyumbani Magomeni kwa mkono, akiongozana na kijana yule. Simtaki afukuzwe kazi. Najua alitumwa, na aliyemtuma yuko ofisini kwenye kiyoyozi. Nataka tu akae mkekani anywe chai, aitwe mwanangu mara ya pili akiwa amemtazama usoni bila tochi. Saa za kuja ni jioni, wakati majirani wako nje.

Halafu nimeona mabango ya onyesho la Idd el-Hajj yameshabandikwa. Kabla ya wimbo wa kwanza usiku huo, mshereheshaji wenu atatangaza jukwaani kwamba kiti A7 kilikuwa cha mama yangu kihalali na ukumbi ndio uliokosea. Aseme kwa kipaza sauti, kwa sauti ileile iliyofika mstari wa C. Na A7 ikae wazi inamngoja, bure, akija asije.

Mkiona hayo ni makubwa, nina mengine. Fedha nilituma kwa simu kwenye namba mliyonipa, mkanirudishia picha ya tiketi. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, sijaiona mpaka leo, na ukumbi ule ulijaa. "Ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti", TRA wanatuimbia sisi wa Kariakoo kila siku, sidhani kama ninyi mmeondolewa kwenye wimbo huo. Sasa nadai. Barua hii nimeiandika nakala nne. Moja ni yenu, moja ni ya Tume ya Ushindani kuhusu huduma iliyotangazwa na isiyotolewa, sarakasi ikiwemo. Moja ni ya BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, ambao nao watapenda kusoma habari ya kinanda kinachojipiga. Ya nne mnaweza kukisia inakwenda wapi. Bahasha ziko mezani kwangu, zimeshaandikwa anwani, hazijagundishwa.

Nina pia kikundi cha vikoba, tuko wanawake 32. Kila sikukuu tunachukua viti pamoja, sare moja, na tunatunza. Waulizeni waimbaji. Idd el-Hajj tulishapanga kuja kwenu. Niliwasomea barua hii Jumapili kabla ya kuituma, na kuna mmoja alitaka niongeze maneno ambayo nimeyaacha. Tutakwenda pengine tukae kwenye majamvi, hata kama mwimbaji hajulikani, maadamu anaimba mwenyewe.

Nawapa siku saba kuanzia mtakapopokea. Kuponi za soda nimeambatanisha.

Wenu katika kudai haki,

Mnunuzi wa A7, A8, A9 na A10,
Kariakoo.

N.B. Mkongojo wa mama ulibaki chini ya kiti A7, ni wa mninga, una mpira mweusi chini na kitambaa cha kijani kwenye mshikio. Nimeulizia mara tatu. Mkija, njooni nao.